Wafanyakazi Wawapime Mameneja: Namna ya Kuendesha Zoezi Bila Kuumbuana

Mwaka 2005 Vineet Nayar alikabidhiwa uongozi wa HCL Technologies, kampuni ya teknolojia ya habari yenye makao yake Noida, India. Miaka iliyofuata kampuni hiyo ikajulikana kwa kauli moja: wafanyakazi kwanza, wateja baadaye. Kwa sisi tuliozoea kuona "mteja ni mfalme" kwenye ukuta wa kila duka, hiyo ni kufuru kabisa. Lakini hoja yenyewe haina makuu. Mteja hakutani na mkurugenzi. Anakutana na mtu wa kaunta, fundi, dereva, mhudumu wa chumba, na hapo ndipo anaporidhika au anapoapa kutorudi. Basi kazi ya meneja ni kumhudumia huyo aliye mbele ya mteja. Na kama kazi yako ni kuhudumia, anayestahili kusema umeihudumia vipi ni yule aliyehudumiwa.

HCL waligeuza hoja hiyo kuwa mambo mawili yanayoigika. La kwanza ni dawati la kero: mfanyakazi anafungua shauri dhidi ya idara ya ndani, iwe fedha, utumishi au usafiri, na shauri halifungwi mpaka yeye mwenyewe aridhike. La pili ni tathmini ya mameneja kutoka chini, ambayo matokeo yake yaliwekwa kwenye mtandao wa ndani wa kampuni, Nayar akitanguliza yake.

Waliopitia utumishi wa umma Tanzania wanaikumbuka OPRAS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi: mkubwa anampima mdogo, wote wanatia saini, fomu inaingia kwenye faili. Hapa mshale unageuzwa, na kugeuza mshale kuna hatari zake. Mwongozo huu umekusudiwa taasisi yenye watu 30 hadi 300: hoteli, SACCOS, shule binafsi, duka la jumla, kiwanda kidogo. Kama mko chini ya 15, acheni dodoso. Siri haitakuwepo, na ni heri mkae mzungumze.

Anza na kero, alama zisubiri

Kosa linaloua zoezi hili mapema ni kuanza na dodoso. Mtu aliyeomba feni ya stoo tangu Januari ukimpa karatasi ya kumpima bosi wake, ataijaza hasira ya feni. Utapata alama mbaya zisizomhusu meneja, na meneja atakuwa na haki ya kulalamika.

Kwa hiyo tenga wiki 6 za mwanzo kwa kero peke yake. Huhitaji programu. Kaunta buku moja la kwaya 3 linatosha kwa kila jengo, likikaa mahali ambapo kila mtu anapita na halifungiwi kwenye droo ya mtu. Piga mistari ya safu saba: namba, tarehe na saa, kero yenyewe, idara inayohusika, jina la anayeishughulikia, mwisho wa muda, na saini ya kufunga. Safu ya mwisho ndiyo yenye kazi. Anayetia saini hapo ni yule aliyeandika kero, hakuna mwingine.

Muda ugawe mara tatu:

- Kinachomkwamisha mteja sasa hivi: saa 2.
- Kinachochelewesha kazi ya leo: kesho yake saa 4 asubuhi.
- Kinachohitaji fedha au mtu wa nje: siku 5 za kazi, au ndani ya siku hizo 5 itolewe tarehe ya uhakika.

Muda ukipita, kero inapanda kwa bosi wa idara husika bila mtu kuombwa. Ikipita tena, kwa mkurugenzi.

Tazama kero moja kwa karibu. Saa 5 asubuhi roli ya EFD, mashine ya kutoa risiti za kodi, inaisha kaunta namba 2. Roli nyingine ziko stoo, stoo imefungwa, mwenye ufunguo kaenda benki. Wateja sita wamesimama na fedha mkononi, na bila risiti huwezi kuuza. Mtu wa kaunta anatabasamu, anaomba radhi, anatukanwa. Mwisho wa mwezi takwimu zitasema kaunta namba 2 "ina huduma mbovu". Tatizo halikuwa tabia ya mtu wa kaunta, na semina ya huduma kwa wateja haitaliondoa. Dawa ni roli 3 za akiba kwenye droo ya kila kaunta, na jina la mtu anayezihesabu kila Jumatatu.

Mambo mawili huharibika hapa. Kwanza, idara huandika "imeshughulikiwa" wakati imeisukuma barua tu. Saini ya mwenye kero ndiyo kinga yake, usiilegeze. Pili, "inasubiri bajeti" hugeuka kaburi. Likubali jibu hilo pale tu linapoambatana na tarehe, hata kama ni ya robo ijayo. Watu huvumilia kusubiri. Kinachowaudhi ni kutojua wanasubiri mpaka lini.

Baada ya wiki 6 hesabu kero zilizofunguliwa, zilizofungwa, na idara gani imekalia nyingi. Bandika hesabu hiyo ukutani. Kama chini ya nusu zimefungwa, usiende hatua inayofuata. Ongeza wiki 6 nyingine.

Mpe mtu wa mbele mamlaka, kisha msimamie

Kumtanguliza mfanyakazi hakuhitaji keki za siku ya kuzaliwa wala fulana zenye nembo. Jambo lenye uzito ni hili: je, anaweza kumaliza tatizo la mteja bila kupanda ghorofani kuomba ruhusa?

Chukua kumbukumbu za miezi 3 za marejesho ya fedha, punguzo na fidia ndogo ndogo. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa. Angalia kiwango ambacho 8 kati ya kila 10 ziko chini yake. Ukikuta ni Sh 15,000, basi huo ndio ukomo wa mtu wa kaunta kuamua peke yake, kuanzia wiki ijayo. Anachotakiwa ni kuandika: tarehe, kiasi, sababu kwa mstari mmoja, namba ya risiti. Meneja anapitia orodha kila Ijumaa kwa dakika 20.

Wahasibu watauliza kuhusu wizi, na wana haki ya kuuliza. Orodha ya Ijumaa huonyesha wizi vizuri kuliko ruhusa ya papo kwa papo, kwa sababu mwizi hurudia. Marejesho manne ya Sh 14,500 kwa mtu mmoja ndani ya wiki yanaonekana waziwazi kwenye orodha, lakini hayaonekani kabisa meneja anapotia saini karatasi moja moja huku anaongea na simu.

Mteja mkorofi naye anahitaji utaratibu ulioandikwa. Akitukana, mfanyakazi anasema mara moja: "Nitakusaidia, lakini naomba tuzungumze bila matusi." Akirudia, mfanyakazi anamwita meneja. Meneja akifika anasimama upande wa mfanyakazi wake, ubavu kwa ubavu, na anamsikiliza mteja. Hamkaripii mfanyakazi pale, hata kama amekosea. Hilo lina ofisi yake baadaye. Na kama amekosea kweli, lazima lifanyike. Wapo watakaodhani "wafanyakazi kwanza" ina maana ya kuchelewa bila kuulizwa. Wakumbushe siku ya kwanza kwamba kanuni za nidhamu hazijaguswa.

Karatasi moja ya masharti

Kabla ya kuandika hata swali moja, andika ukurasa mmoja utakaosomwa kwenye mkutano na kubandikwa. Ujibu mambo matano: zoezi ni la nini, nani anajaza, nani ataona nini, majibu yatahifadhiwa kwa muda gani, na halitatumika kwa nini.

Hilo la tano lina uzito kuliko mengine. Duru mbili za mwanzo, alama zisiguse mshahara, bonasi, cheo wala mkataba wa meneja. HCL nao waliendesha tathmini hii kwa ajili ya kumkuza meneja, bila kuifanya kigezo cha malipo. Sababu ni ya kibinadamu. Alama zikigusa mfuko, meneja ataanza kuzinunua: ataruhusu watu kuondoka mapema wiki ya dodoso, atafumbia macho utoro, ataleta soda. Na wafanyakazi wenye huruma wataogopa kumnyima mtu ada ya watoto wake, kwa hiyo watampa 5 zote. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kumbuka pia kwamba alama za meneja ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa vitendo: kusanya kile tu unachokihitaji, mweleze mhusika, usikitumie kwa jambo jingine, na kiharibu muda ulioutaja ukifika. Miezi 12 kwa majumlisho inatosha. Karatasi zenyewe ziharibiwe mara hesabu zinapohakikiwa.

Sharti moja jingine lisomwe kwa sauti. Tuhuma za rushwa ya ngono, wizi, kupigwa au ubaguzi hazikai kwenye dodoso. Zina njia yake, na lazima uitaje: jina la mtu wa kumwona, namba yake, na mbadala wake kama huyo ndiye mtuhumiwa. Tuhuma ya namna hiyo ikijitokeza kwenye maoni, inatolewa siku hiyo hiyo na kupelekwa kwenye uchunguzi. Watu walijue hilo mapema, wasije wakadhani siri yao imevunjwa.

Mkubwa aanze yeye

Mkurugenzi apimwe wiki mbili kabla ya wengine, kwa dodoso hilo hilo, na asimame mbele ya watu asome matokeo yake, pamoja na maswali mawili aliyofanya vibaya zaidi. Dakika 15, bila kujitetea. Mameneja hawataamini maneno yako. Wataangalia kama mkubwa amejianika kwanza. Mkurugenzi akikataa, funga jalada. Anayetaka wengine wapimwe na yeye abaki nje atakuwa ameanzisha upelelezi, na wafanyakazi wataunusa mapema.

Maswali: tabia inayoonekana, si sifa

"Je, meneja wako ni mzuri?" hupima mapenzi. "Meneja wangu ni mwadilifu na mchapakazi" ni maswali mawili ndani ya moja. Anayeona ni mchapakazi lakini si mwadilifu atajaza nini? Uliza mambo ambayo mtu angeweza kuyaona kwa macho au kuyasikia kwa masikio. Na dodoso liwe kwa Kiswahili kama Kiswahili ndiyo lugha ya kazi. Fomu iliyopakuliwa kwa Kiingereza hujazwa na watu wa ofisini tu, halafu mnashangaa walinzi na wapishi "hawana maoni".

Haya 11 yamekaa vizuri kwa sehemu nyingi:

1. Meneja wangu hunipa maelekezo ninayoyaelewa kabla kazi haijaanza.
2. Ratiba ya zamu hunifikia angalau siku 7 kabla.
3. Nikimpelekea tatizo linalomkwamisha mteja, hulitatua au hunieleza kwa nini haliwezekani.
4. Hunirekebisha faragha, si mbele ya wenzangu au wateja.
5. Nikikosea, husikiliza upande wangu kabla ya kuamua.
6. Hugawa zamu, likizo na ovataimu bila upendeleo.
7. Akiahidi kitu, hukitimiza.
8. Nikifanya vizuri, huniambia.
9. Naweza kumpinga kwa heshima bila kuogopa kuadhibiwa.
10. Mteja akinitukana, hunitetea.
11. Kazi anazonipa ni za ofisi, si shughuli zake binafsi.

Kila moja hujibiwa kwa namba: 1 kamwe, 2 mara chache, 3 wakati mwingine, 4 mara nyingi, 5 kila mara. Pembeni weka kisanduku cha "sijaona", na usikihesabu kwenye wastani. Bila kisanduku hicho, mtu ambaye hajawahi kutukanwa na mteja atajaza 3 kwenye swali la 10, na 3 hiyo itakudanganya.

La 12 liwe na majibu matatu tu, ndiyo, hapana, sina hakika: "Ningepewa nafasi ya kuchagua, ningefanya kazi chini yake tena." Kisha nafasi mbili za maneno: "Aendelee kufanya nini?" na "Abadilishe nini kimoja?" Neno "kimoja" linapunguza majungu kuliko onyo lolote.

Kabla ya kuchapa, wape watu watano wa kazi tofauti wasome kwa sauti na kueleza kila swali linauliza nini. Swali ambalo wawili wanalielewa tofauti, liandike upya.

Siri, na jinsi inavyovuja

Hapa ndipo mazoezi mengi hufa, mara nyingi bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Kanuni ya kwanza: meneja asipewe matokeo yaliyojazwa na watu chini ya 5. Akiwa na wasaidizi 3, unganisha timu yake na ya jirani chini ya meneja wa juu, au mwache duru hii.

Kanuni ya pili haijulikani sana: siri huvuja kwa kutoa. Chukulia timu ya watu 6 yenye wastani wa 3.5 kwenye swali la upendeleo. Ukampa meneja pia wastani wa zamu ya mchana, watu 5, ambao ni 4.0. Sita mara 3.5 ni 21. Tano mara 4.0 ni 20. Mtu mmoja wa usiku alijaza 1, na meneja anamjua kwa jina. Kwa hiyo usigawe matokeo kwa zamu, jinsia, umri au miaka kazini kama kundi lolote, hata lile ambalo hukulichapa, linabaki na watu chini ya 5.

Ya tatu ni saa. Ukitumia Google Forms, karatasi ya majibu huandika muda ambao kila jibu limetumwa. Jibu la saa 9 usiku limetoka kwa mlinzi au mtu wa mapokezi. Futa safu hiyo kabla mtu mwingine hajaiona, na zima ukusanyaji wa barua pepe. Kura za kundi la WhatsApp usizitumie kabisa. Wanakikundi huona nani amechagua nini. Ili mtu asijaze mara mbili, chapa vijikaratasi vyenye namba za nasibu za tarakimu 6, vitie kwenye kapu, kila mtu achomoe chake mwenyewe. Usiandike popote nani amechukua ipi.

Kwa karatasi, sanduku lifungwe kufuli, funguo zikae kwa mwakilishi wa wafanyakazi au mtu wa nje. Lisikae mlangoni kwa meneja wala chini ya kamera. Kalamu ziwe za rangi moja. Miandiko inajulikana, kwa hiyo maoni yote yachapwe upya na mtu asiyewafahamu, na anapochapa aondoe vitambulisho. "Tangu nilipotoka kujifungua amenibadilikia" ni sentensi yenye jina, hata bila jina. Andika: "Mtu aliyerudi kutoka likizo ndefu anaona amebadilikiwa." Kama kiini kinapotea ukiondoa kitambulisho, kiache nje na mhesabie meneja mada tu: "maoni 2 kuhusu namna ya kuwapokea wanaorudi kazini".

Wiki ya kujaza

Siku 7 za kazi, katikati ya mwezi. Epuka wiki ya kufunga hesabu na wiki ambayo mikataba inahuishwa, maana mtu mwenye mkataba wa miezi 3 unaoisha Ijumaa hatajaza ukweli Jumatano. Muda wa kujaza, dakika 15, uwe ndani ya saa za kazi. Wasio na simu janja wapewe karatasi, na asiyesoma vizuri asomewe na mtu wa nje ya idara yake. Anayegawa fomu asiwe meneja anayepimwa. Usicheke, hutokea sana.

Ukipata majibu ya watu 7 kati ya 10, umefanya vizuri. Chini ya nusu, usichapishe alama za meneja yeyote. Wanaonyamaza wamekwisha kujibu: hawaamini siri yako. Waulize kinachowatia shaka, rekebisha, rudia baada ya miezi 6. Na timu nzima ikijaza 5 mpaka mwisho, usimpongeze meneja kabla hujajua fomu zilijaziwa wapi na nani alikuwa amesimama karibu.

Kusoma alama

Wastani peke yake hudanganya. Watu 8 wakijaza 3 wote, wastani ni 3. Wanne wakijaza 5 na wanne 1, wastani ni 3 vilevile. Timu ya kwanza ina meneja wa kawaida. Ya pili ina meneja mwenye vipenzi vyake. Andika daima idadi ya waliojaza kila namba, ukiwa na majibu 8 au zaidi. Kati ya 5 na 7, toa wastani na ueleze kwa maneno tu kama majibu yamegawanyika, maana mtu mmoja aliyejaza 1 ataonekana.

Usiwapange mameneja kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Jiko la hoteli siku ya harusi na ofisi ya hesabu ni dunia mbili. Mlinganishe meneja na yeye mwenyewe: swali lake la juu kabisa na la chini kabisa. Meneja mwenye 4.4 kwenye maelekezo na 2.1 kwenye kurekebisha faragha anajua la kufanya kesho asubuhi. Meneja aliyeambiwa tu "umepata 3.2" ataenda kulala na hasira.

Kumkabidhi meneja

Ana kwa ana, dakika 60, asubuhi, katikati ya wiki. Ijumaa jioni ni ukatili, na kwa barua pepe ni woga. Kabla ya siku hiyo awe amejipima mwenyewe kwa maswali yale yale. Weka karatasi mbili sambamba na anza na pengo: pale alipojipa 5 na timu ikampa 2, mazungumzo yatajianzisha.

Sentensi ya kwanza ya wengi ni: "Namjua aliyeandika hili." Isimamishe hapo hapo. Mwambie waziwazi kwamba kumtafuta mwandishi ni kosa la nidhamu, na liwe kosa kweli, limo kwenye ile karatasi ya masharti. Hatua ya pili kwa kawaida ni kujitetea, na ya tatu ni kimya. Maswali yenye faida huanza baada ya kimya, kwa hiyo usiharakishe kukijaza. Asikutane na timu kabla ya saa 48, na asipitilize siku 14.

Kikao cha dakika 40

Meneja aongee dakika 10, timu 20, ahadi 10. Ufunguzi usiwe hotuba. Kama huu unatosha: "Jamani, nimesoma. Asanteni. Mmesema ratiba inachelewa na mmesema nawakaripia mbele ya wateja. La kwanza nilikuwa nalijua. La pili limeniuma, na nimeona ni kweli." Asiulize nani alisema nini. Asiombe mifano, maana mfano una mwenyewe. Aulize mbele: "Ingekuwaje ingekuwa sawa?"

Ahadi zisizidi 2. "Nitaboresha mawasiliano" si ahadi, hakuna atakayejua kama imevunjwa. "Kuanzia tarehe 1, ratiba ya zamu itabandikwa kila Alhamisi kabla ya saa 10 jioni" ni ahadi. Alhamisi saa 10 na dakika 5 mtu yeyote anaweza kuangalia ubao. Ziandikwe, zibandikwe pale pale penye daftari la kero.

Kuhusu uwazi wa HCL: usiruke huko duru ya kwanza. Mkurugenzi aonyeshe zake zote. Meneja aionyeshe timu yake tu, maswali 2 ya juu na 2 ya chini. Mwaka wa pili, wanaotaka waziweke wazi kwa kampuni nzima kwa hiari, na utaona wengi wanafuata, kwa sababu anayeficha anaanza kuulizwa.

Siku 90 baadaye

Rudia maswali 4 tu, yale yaliyogusa ahadi, kwa masharti yale yale ya siri. Hapa watu hushangilia upesi mno. Timu ya watu 7 ikipanda kutoka 3.1 hadi 3.4, ni watu wawili tu waliosogea hatua moja kila mmoja, na huenda ni kwa sababu wiki ile haikuwa na wageni wengi. Angalia kwanza kama ahadi ilitimizwa, kwa kuhesabu Alhamisi, kisha ndiyo uangalie alama.

Yupo meneja ambaye baada ya duru mbili, msaada wa mafunzo na mtu wa kumshauri, swali la 12 bado linaleta "hapana" nyingi. Mara nyingi ni fundi hodari aliyepandishwa cheo kwa sababu kampuni haikuwa na njia nyingine ya kumwongezea mshahara. Mwondolee watu, mwachie ufundi, na mshahara usimpunguzie. Fanyeni hivyo kwa mazungumzo, mwisho wa mwezi wa kawaida, mbali na wiki ya matokeo, ili timu isijipigie makofi na mameneja wengine wasianze kununua soda.